Ruhusa ya Bwana wa Benie

"Tonton Rolly, hii sahihi ya chini ni ya nani?"

"Ya bwana yake."

"Bwana ya nani?"

"Ya Benie! Kumbe haukujua? Ile miaka sheria ilikuwa inaomba bwana akubali mbele ya bibi kuanza kazi. Bila hii karatasi, singemupiga hata picha moja."

Sandrine alishika ukingo wa meza. Miaka mitatu alikuwa akizunguka Kisangani kukusanya kila karatasi ambayo Benie, nyota wa filamu, alitia sahihi enzi zile akiwa bado mwanamitindo wa kutangaza vitenge hapa mjini. Alikuwa nazo kumi na moja, na ukurasa wa mashabiki Facebook. Hii ya kumi na mbili, ya mwaka 2014, mpiga picha Rolly wa Makiso aliichomoa kwenye sanduku lenye vumbi. Chini yake pameandikwa wazi, bila aibu: Landry Bolamba, mume.

Landry yuleyule! Fundi wa mota za mitumbwi, ambaye Jumamosi hii ukoo wake ungefika kwa kina Sandrine, mtaa wa Mangobo, kutoa mahari. Na sahihi ile yenye mkia mrefu ndiyo iliyokuwa kwenye barua yake ya posa.

Akaipiga picha, akamtumia WhatsApp: "Ni wewe?"

Alama mbili zikageuka buluu. Akapanda toleka, akamhimiza mwenye baiskeli akanyage mpaka bandarini.

Landry alikuwa ameinamia mota, wala hakuinua kichwa.

"Ulioa Benie?"

"Sandrine, watu wanasikia."

"Waache wasikie. Ulimuoa?"

"Ndiyo. Nilimuoa. Tulikuwa bado vijana."

"Na miaka tatu ninapanga hizi karatasi ku meza mbele yako! Unaziangalia, unanyamaza! Mimi najisemea, bon, mupenzi wangu anapenda kazi yangu!"

"Nilikuwa na haya. Aliniomba miezi tatu tu ya kwenda Kinshasa. Nikakubali. Hakurudi tena."

Hapo moyo wa Sandrine ukalegea. Mwanaume kuachwa halafu akaona haya kusema, hilo angeweza kulimeza, jamani, si mwanamke wa roho mbaya. Akakaa juu ya ndoo, akauliza swali ambalo mama yake angeanza nalo.

"Familia yake ilirudisha dot, ile mahari yako?"

"Bado."

"Uliiomba?"

Landry akafuta mafuta mikononi, kidole kimoja kimoja.

"Landry. Unajua desturi yetu. Mahari isiporudishwa, ndoa haivunjike. Uliiomba?"

"Hapana."

"Miaka hii yote?"

"Hapana, Sandrine."

"Bon. Tonton yake, mujomba mwenye alipokea dot, iko Isangi. Kesho kuna boti. Panda, umuambie arudishe, hata mbuzi moja tu, mbele ya mashahidi. Ukirudi, Jumamosi tunaendelea. Mimi sitakuuliza kitu tena."

Alimaanisha. Alikwisha kumsamehe, tena kichwani alikuwa tayari anamtwangia lituma ya ndizi ale safarini. Lilibaki neno moja tu la Landry.

Landry aliutazama mto.

"Tungojee kwanza," akasema.

"Tungojee nini?"

"Ile mahari ikirudishwa... basi itakuwa imeisha kweli."

Sandrine alilia papo hapo, mbele ya wapakizi na wauza samaki, bila kuficha uso. Landry alinyoosha mkono amguse bega, Sandrine akausukuma. Kisha akampigia simu baba yake, Papa Zéphirin.

"Papa, wageni wa Jumamosi, usiwapokee."

"Aa! Juu ya nini, mutoto yangu?"

"Landry iko na bibi."

"Bibi? Huyo bibi iko wapi?"

"Haiko hapa, papa. Lakini bwana yake angali anamungojea."