Bibi Arusi Aliyegoma Langoni

"Usiangalie nyuma," Kipkemboi alisema. "Tembea kama mgeni anayetembezwa."

Nyathira hakuangalia nyuma. Asubuhi hiyo huko Sotik lori lilisimama mbele ya duka la mjomba wake, na Wakikuyu wote wa soko wakapandishwa. Hali ya hatari waliyoitangaza wakoloni ilikuwa imefunga barabara, na ilikuwa haiulizi mtu kama ana kosa au hana. Mwezi uliopita baba yake alipandishwa lori kama hilo, na mpaka leo hakuna aliyejua lilimshusha wapi. Leo Nyathira aliponea mlango wa nyuma. Huko nyuma alimkuta Kipkemboi akimngoja, kijana wa Kipsigis aliyeleta maziwa dukani. Mapenzi yao yote ya mwaka mzima yalikuwa ni kugusana vidole wakati wa kupokezana mtungi. Leo amemfuata mpaka ndani ya kokwet yao, boma za majirani zilizopangana kwenye mteremko. Akishikwa, mapenzi yameisha, na yeye mwenyewe hajui kama atafika popote.

Njia nzima Kipkemboi alizungumza kwa sauti, ili kila mwenye masikio ajue hapa hakuna siri. Akamwonyesha chemchemi ya ng'ombe na ile ya watu. Akamwonyesha njia moja kando ya mto na kumwambia asiikanyage kamwe, ni ya vijana walio jandoni. Akamfundisha kusalimia "chamgei" kabla hajafika penye kivuli cha nyumba, maana anayefika kimya huonekana mwizi. Nyathira alisalimia kila mtu. Sauti ilimtoka nyembamba, na kina mama waliokuwa wanasaga wimbi wakaacha kusaga, wakamtazama mpaka alipopita.

Ndipo wakakutana na Kimutai, askari wa mzee wa eneo, na firimbi yake shingoni.

Kipkemboi akamwacha msichana njiani, akamvuta askari pembeni. Waliongea Kikipsigis. Nyathira hakuelewa kitu ila neno moja tu, Kikuyu, likatajwa mara mbili, halafu wakacheka. Ee Mungu, walicheka! Kimutai akashika njia ya Chepilat kwa haraka.

"Umemwambia nini?" Nyathira aliuliza.

"Twende kwanza. Nitakuambia nyumbani."

Jibu gani hilo kwa mtu mwenye hofu? Wanaume nao. Mambo ya kusemwa wanayameza, ya kumezwa ndiyo wanayasema. Kutoka hapo kila hatua ilimpa wazo baya. Labda amemuuza. Labda askari ameenda kuita lori. Angerudi wapi, na njia haijui?

Walipofika kwenye lango la boma la kina Kipkemboi, miguu ikakataa. Aliona uani watu wengi wakipura mahindi, na wote wakainuka pamoja. Akasimama palepale, macho chini, mikono ameikunja kifuani.

"Ingia," Kipkemboi akamnong'oneza.

"Siingii."

Mama yake Kipkemboi, mwanamke mfupi aliyeitwa Bot Chelangat, akaweka fimbo ya kupuria chini. Alimtazama mwanawe. Akamtazama msichana aliyegoma langoni, kichwa kimeinama. Uso ukamfunguka, akasema jambo kwa sauti kubwa, na wanawake wakapiga vigelegele.

"Amesema nini?" Nyathira aliuliza.

Kipkemboi alikuwa amepauka. "Amekuahidi mtamba. Huku kwetu bibi arusi akiletwa, husimama langoni na kukataa kuingia mpaka aahidiwe mnyama. Mama anafikiri... anafikiri umeletwa."

Kabla hajamaliza, firimbi ikalia nyuma yao. Kimutai alikuwa anapanda mteremko akihema, amekasirika kweli.

"Umenituma Chepilat bure," alimwambia Kipkemboi kwa Kiswahili, ili msichana naye asikie. "Ulisema huyu ni mgeni wenu tu, na kwamba ulimwona msichana wa Kikuyu akikimbilia huko. Huko hakupita mtu. Kumbe unaye mwenyewe."

Nyathira akamgeukia Kipkemboi. Kumbe ndicho walichokuwa wanachekea. Aibu na furaha vilimjia kwa pamoja, na hofu haikutoka.

Bot Chelangat alikuja mpaka langoni, akamwambia askari kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba huyu ni bibi arusi wa boma hili, ameahidiwa mtamba mbele ya majirani, na anayetaka kumtoa agombane na kokwet nzima.

Kimutai aliwatazama wale majirani. Naye alizaliwa huko, mila anaijua.

"Sawa, mama. Lakini hajaingia. Akiwa nje ya lango bado ni wangu."

Kipkemboi akasogea karibu na Nyathira. "Nisikilize. Mimi nilikuwa nakuleta nikufiche ghalani. Haya ya arusi sikuyapanga. Usiingie kwa sababu ya kuogopa huyu. Nikiwa hai, tutatafuta njia nyingine."

"Unanitaka?"

"Tangu mtungi wa kwanza."

Kimutai akapiga hatua. Mwili mzima wa Nyathira ulikuwa unamwambia kimbia ndani. Lakini hakuenda. Alimtazama mama machoni, akasema, "Mtamba ni wako, mama. Mimi sitaki mnyama. Baba yangu wamemchukua. Niahidi siku barabara zikifunguliwa utaenda kumtafuta, umwambie mwenyewe niko kwako. Ndipo nitaingia."

Bot Chelangat alifuta macho kwa ncha ya shuka.

"Nitaenda," akasema. "Kwa miguu yangu."

Nyathira akavuka lango. Mama akaleta kibuyu cha mursik, maziwa yaliyogandishwa, na wa kwanza kupewa alikuwa Kimutai. "Kunywa," alimwambia. "Aliyekunywa maziwa ya arusi ni shahidi." Askari akasitasita, akanywa, akafuta mdomo na kuondoka bila kupuliza firimbi.

Miaka ilipita kabla barabara hazijafunguliwa. Habari ikaja kwamba baba yake Nyathira yuko hai, ameachiwa, yuko kijijini kwao juu ya Nyeri. Bot Chelangat akafunga shuka, na Nyathira akatangulia, mtoto mgongoni. Kilima cha mwisho walikipanda kwa miguu, katikati ya nyumba za watu ambao mama hakujua lugha yao hata neno. Watu walikuwa wanatoka milangoni kuwatazama.

"Usiangalie nyuma, mama," Nyathira akamwambia. "Tembea kama mgeni anayetembezwa."

Walipofika langoni kwa mzee, Bot Chelangat akasimama ghafla. Akaelekeza macho chini, akakunja mikono kifuani na kukataa kuingia. Mzee alitoka na mkongojo, akamwona binti yake, akamkumbatia. Baadaye akauliza huyu mama mgeni ana nini.

Nyathira alikuwa analia na kucheka.

"Mwahidi mbuzi, baba," alisema. "Ataingia."