Nilimfunga Shemeji Yangu kwa Gari la Bwana Kofia

Mwaka 1965 nilikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, na hapo ndipo dhiki yangu ilipoanza. Si dhiki ya tumbo. Tumbo langu limeshiba tangu mwaka ule hadi leo. Ni dhiki nyingine, na mkisoma mtaijua.

Mimi ni mtu wa Gazi. Shule niliishia darasa la pili, baba alipofariki. Sijampigia mtu magoti nipewe kitu. Kwa hiyo haya ninayoyaandika msinionee huruma. Yasomeni tu.

Nilikuwa msimamizi wa nyumba ya Mzungu mmoja pale Diani. Tulimwita Bwana Kofia, maana hata akila kofia ilikuwa kichwani. Chini yangu alikuwepo mtunza bustani, Kombo, kaka wa mke wangu Mwanasiti. Kwao ni Mkwiro, kule kisiwani. Kazi ile nilimtafutia mimi. Na mimi ndiye niliyemtoa... mtaona nilivyomtoa.

Bwana Kofia hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na gari. Dogo, jekundu, la watu wawili, halina paa, gari la mashindano ya mbio. Likinguruma barabarani, watu wa Ukunda walitoka madukani kulitazama. Siku moja alinipakia hadi Likoni. Wasomaji, nilipokaa mle nilijiona nami ni mtu katika nchi iliyopata uhuru wake!

Masika ya mwaka ule alisafiri kwao kwa miezi sita. Aliniambia kwamba kwao magari ya namna ile hufichwa wakati wa baridi kali. Huku kwetu baridi ya gari ni masika na upepo wa kusi wenye chumvi. Tukaliingiza bandani, tukalipandisha juu ya mawe ili magurudumu yasiguse chini, akatoa betri, akalifunika kwa turubai. Maagizo yalikuwa machache. Siku ya jua nilifunue, nilipanguse kwa kitambaa kikavu, nilifunike tena. Nisipake kitu chochote. Akanikabidhi ufunguo.

Mwezi wa kwanza nilifuata. Mwezi wa pili nikaona kutu... vidoa vyekundu kwenye vyuma vya mbele vinavyong'aa. Bwana akirudi akalikuta limeoza, nitakuwa mgeni wa nani?

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu anayejiona anajua. Kwetu Gazi, chombo kikipandishwa pwani wakati wa kusi hakiachwi kikavu. Juu hupakwa sifa, yale mafuta ya maini ya papa. Chini hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta ya mnyama. Baba yangu alifanya hivyo kila mwaka, na chombo chake kiliishi kuliko yeye. Nikasema, Mzungu anajua nini kuhusu chumvi ya kwetu? Nikaagiza debe zima la sifa.

Kombo aliponiona nakoroga chokaa aliweka jembe chini akaja.

"Shemeji, hiyo ni dawa ya mbao. Chuma hakinywi mafuta."

Nikamwambia akakate majani, mambo ya gari awaachie wanaopandishwa garini. Akacheka, akasema haya, lakini bwana akirudi asije akadhani tumemfugia papa bandani. Nikamtukana. Akaenda zake.

Nikalipaka lote. Milango, boneti, hadi viti vya ngozi, nikisema visije vikapasuka. Chini nikalikandika deheni kama nilivyomwona baba yangu akikandika. Nikalifunika, nikaenda kulala nimeridhika.

Baada ya majuma matatu, uvundo ulifika barabarani. Nikafunua... Yallah! Panya walikuwa wamekula viti hadi kwenye chuma, na nyaya wamezitafuna. Rangi nyekundu ilikuwa imeganda utomvu wa mafuta, mchanga na wadudu. Nikalisugua kwa sabuni na mafuta ya taa, na rangi ikatoka na kitambaa. Chini, chokaa ilikuwa imekula vyuma laini kama ukoma.

Barua ikaja kwamba bwana anarudi Oktoba. Ningeweza kusema kweli. Mtu alikosea, basi. Angenifukuza, ningerudi Gazi kuvua kama wenzangu. Lakini mimi nirudi Gazi? Nichekwe na wale niliowapita?

Ijumaa moja, Kombo alipokwenda msikitini, nilibeba debe la sifa na ndoo ya deheni nikaviweka chini ya kitanda chake. Mchana kweupe.

Bwana Kofia alipofunua turubai hakupiga kelele. Alivua kofia. Mara ya kwanza kukiona kichwa chake. Aliniuliza nani, nikasema Kombo, nilirudi kutoka matangani Gazi nikamkuta akilipaka. Kombo alisimama pale pale na mkono mmoja ameshika mkasi wa maua. Aliningoja. Mpaka leo naona alivyoningoja, kama mtu anayedhani mzaha bado haujaisha.

"Shemeji," akasema taratibu, "mwambie."

Nikatazama chini. Bwana akaita askari, wakaenda chumbani kwa Kombo, wakatoka na debe.

Siku ya kesi niliapa kwa Msahafu. Nilikuwa nimetawadha, nimevaa kanzu niliyoivaa siku ya harusi yangu na dada yake. Hakimu alisikia ushahidi wa mtu mmoja mwaminifu na akaliona debe, angefanya nini? Kombo alipewa miezi kumi na minane.

Mke wangu alijua. Tangu lini? Tangu siku niliyopaka. Aliniambia nguo zangu amezifua kwa majivu mara tatu na hazitakati, na za kaka yake hazina harufu. Nikamjibu akitaka kula na aendelee kufua, na asipotaka njia ya Mkwiro anaijua. Akaendelea kufua. Alikuwa mjamzito, angekwenda wapi? Nilimfunga mdomo kwa tumbo lake.

Kisha akaja mama yao. Alivuka maji kutoka Mkwiro, akatembea mpaka miguu imevimba. Nilimpa shikamoo, akaniitikia vizuri kama siku zote. Akasema hakuja kugombana. Anaomba nimwendee Mzungu niseme nilikosea kuona, maana yeye ni mgonjwa na hana mwingine wa kumzika.

"Mama," nikamwambia, "ungemlea mwanao vizuri, usingekuwa na safari hii."

Aliomba maji, akanywa, akamrudishia Mwanasiti kikombe, akaondoka. Mwezi wa tano wa kifungo akafariki. Kombo alipata habari maziko yameshapita.

Siku msiba ulipotufikia Mwanasiti alifunga kanga zake na kitoto chetu Riziki mgongoni. Akashika njia ya Mkwiro, hakugeuka.

Mimi je? Mimi nilistawi! Bwana Kofia alirudi kwao moja kwa moja mwaka uliofuata, na kwa uaminifu wangu, ndivyo alivyosema, akanipa kiwanja kando ya barabara. Nikajenga duka. Duka likazaa duka. Leo vijana wananiita mzee aliyejijenga kwa mikono yake, nami huitikia.

Uzeeni nilimuuliza imamu juu ya mtu aliyefanya hivi na hivi, nikijifanya ni rafiki yangu. Akasema huyo rafiki asichoke kutubu, lakini haki ya mja haifutwi ila na mwenyewe. Nikaenda Mkwiro. Nilimkuta Kombo anasuka dema la kuvulia, amekuwa mzee na kifua cha jela hakijamwacha. Riziki, mwanangu, alinikaribisha kiti akamwita yeye baba. Nilieleza yote, nikalia. Mimi, kulia!

Alimaliza mstari wake wa ufito. Kisha akasema:

"Yangu nimekuachia, shemeji. Ya mama si yangu. Nenda kamwombe mwenyewe."

Akamwambia Riziki anisindikize hadi kaburini nisije nikapotea.

Nilisimama pale hadi jua likanichoma kichwa. Niliomba. Nani wa kunijibu?

Ndugu zangu, kosa la mikono lina dawa, sema tu nimekosea. Ukishamvika mtu mwingine, halivuliki tena. Nawasihi, hasa nyinyi vijana mliopewa kazi jana na mnaogopa kuchekwa, chekweni! Rudini Gazi. Kavueni. Mtakufa maskini na watu watawazika kwa roho safi.

Leo nina nyumba tatu za mawe Ukunda, maduka mawili, shamba la minazi Waa, ng'ombe kumi na mmoja, wake wawili, watoto saba wanaonisalimia. Radhi ya yule mama sina.