Vipande vya Ukoka

Kila siku baada ya shule, Kiherehere alivua sare, akala, akaosha sahani yake, kisha akaenda bustanini kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alibandikwa na shangazi mwenyewe, maana mtoto huyu alikuwa mwepesi wa kuanza kazi, na mwepesi zaidi wa kuikimbia.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa ukoka, laini na wa kupendeza. Kando yake kulikuwa na matuta ya mboga yaliyolisha nyumba nzima. Lakini ukoka haujui mpaka. Ulitambaa chini kwa chini, ukaingia matutani bila hodi.

"Katika tuta hili nataka kupanda karoti," shangazi alimwambia siku moja. "Ng'oa ukoka wote kwa jembe uma, taratibu, utoke na mizizi yake. Kisha uanike juani mpaka ukauke. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Kusikia alisikia, kutii ndiko kulikomshinda. Wenzake walikuwa wakiruka kamba njiani, na kelele zao zilimwasha miguu. Akachukua jembe la kawaida, akaukatakata ukoka, akavifukia vipande vyote na kusawazisha udongo kwa reki. Tuta likapendeza kweli!

"Ala! Umemaliza mara hii? Umeung'oa wote?"

"Wote, shangazi. Na mizizi yake."

Akasifiwa, akaenda zake kucheza. Tuta likatiwa mbolea, karoti zikapandwa, mvua ikanyesha. Karoti zilipochungulia, ukoka nao ukachungulia, tena kila mahali. Kila kipande alichokifukia kilikuwa kimeota!

Tangu hapo aliamka kabla ya watu wote, akainama tutani roho mkononi, akikata ncha za ukoka kwa kucha. Alizokata leo, kesho ziliota kwa wingi zaidi. Akisikia ndara za shangazi zikiburuzika sebuleni, alizificha ncha hizo mfukoni. Darasani mwalimu alimwita mara mbili ndipo akashtuka.

Jumamosi moja alimkuta shangazi amesimama mbele ya tuta, mikono kiunoni.

"Nani kaniletea balaa hili?" shangazi alifoka. Kabla Kiherehere hajafumbua mdomo, akajijibu mwenyewe: "Ni Mzee Samadi! Mbolea yake imejaa magugu. Leo akija namfukuza, na majirani wote nitawaambia."

Mzee Samadi aliuza mbolea kwa mkokoteni, na hakuwa na kazi nyingine. Kwa mambo ya bustani, mtaa mzima ulimsikiliza shangazi. Akimkataa yeye, nani angenunua tena? Kiherehere alilijua hilo. Lakini alijua pia hasira za shangazi.

Mara magurudumu yakalia mlangoni. "Hodi, mwenye bustani! Leo nimekuletea iliyoiva vizuri!"

"Geuza mkokoteni, mzee. Mbolea yako imeniharibia tuta."

"Yangu mimi?" Mzee Samadi aliduwaa. Akashika mikono ya mkokoteni, akaanza kuugeuza polepole.

"Shangazi, si yeye!" Kiherehere alipiga kelele. "Ni mimi! Niliukatakata nikaufukia. Nilikudanganya!"

Shangazi alimtazama mpaka mtoto akatamani ardhi ipasuke immeze. Kisha akamgeukia mzee. "Nisamehe, mzee wangu. Nimekuhukumu bila kuuliza."

"Yamekwisha, mama," Mzee Samadi alijibu, akijipangusa uso. "Ila jasho lililonitoka hapa lingetosha kumwagilia matuta mawili."

Siku hiyo hapakuwa na kuruka kamba. Kiherehere alilifumua tuta lote kwa jembe uma, akaokota kila kipande na kukianika juu ya bati. Kisha akachimba mtaro kati ya uwanja na matuta, ili ukoka usivuke tena. Karoti changa zote ziliharibika.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua," shangazi alimwambia, akimpa maji ya kunywa. "Ungesema mapema, tungeziokoa karoti. Lakini umesema kabla mzee wa watu hajatoka mlangoni, na kwa hilo nakushukuru. Karoti tutapanda upya, mwanangu. Jina la mtu likishaharibiwa, mbegu yake haiuzwi dukani."