Usinisimamishe Tena, Enid

Jamani, kuna mambo ukisimuliwa unacheka, mpaka uyasikie kwa mwenyewe aliyeyaona, chai yake inapoa mbele yake na hainywi. Haya yalimfika jirani yangu Enid Sugden, hapa hapa Halifax, Uingereza, tena mchana.

Ilikuwa Alhamisi ya mvua. Enid alishakula viazi vyake na kipande cha samaki, akaosha sahani moja na uma mmoja, akatia kanda ya video kwenye deki. Tangu mumewe Wilf azikwe, hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila mchana. Tamthilia yenyewe ni ya zamani, ya matajiri wa viwanda vya sufu, na ilirekodiwa kwenye mtaa wetu kiangazi cha mwaka sabini na nne. Walimwaga chumvi na povu mtaa mzima iwe theluji, wakatuvika makoti ya enzi za babu zetu huku jua linatuchoma, wakatuambia tupite tu nyuma ya waigizaji wala mtu asithubutu kuitazama kamera. Wilf naye akapita. Alitokea kushoto, akapotelea kulia. Ukipiga chafya umemkosa.

Enid hakumkosa. Kila Wilf alipotokea, alibonyeza rimoti, picha ikaganda, mumewe akabaki katikati ya barabara, kijana, amempa mgongo. Enid humwinulia kikombe. "Chai hii, mzee. Itapoa, shauri yako."

Utamlaumu? Siku Wilf alipokata roho hospitalini, mkewe alikuwa amekimbia nyumbani kumchukulia pajama safi. Aliporudi, shuka lilishafunika uso. Hawakuagana. Hilo ndilo lililokuwa likimla moyo. Alitaka Wilf ageuke, japo mara moja, waagane kama mtu na mkewe.

Binti yao Hazel alimwonya. "Mama, ukiigandisha kila siku pale pale, kanda inakwaruzika. Utamfuta baba. Ngoja nikununulie diski."

"Diski ya nini? Huyu huyu ananitosha."

Alhamisi hiyo akaigandisha kama kawaida. Mistari myeupe ikacheza juu ya picha. Mwigizaji mkuu ameganda, mdomo wazi. Farasi ameganda, mguu juu. Wilf anatetemeka.

Enid alidhani ni kanda. Akasogeza kiti. Haikuwa kanda. Ni mabega ya Wilf, peke yake, yanatetemeka kwa baridi. Kisha bega moja likapanda. Shingo ikazunguka. Taratibu.

Hakuwa kijana tena. Ulikuwa uso wa hospitalini. Midomo ya buluu. Alama ya plasta iliyoshikilia mpira wa kupumulia bado iko shavuni.

"Enid." Alinong'ona kama anaogopa kuamsha wagonjwa wenzake. "Baridi."

"Wilf wangu. Uliondoka hukuniaga."

"Nilikungoja. Nikashindwa." Midomo haikusogea vizuri. "Sasa kila ukinisimamisha, mauti yananikuta tena hapa. Nakata roho, naanza upya. Niache nipite, mke wangu."

"Kidogo tu. Nikutazame."

"Ndivyo unavyosema kila siku."

Enid alilia mpaka rimoti ikamteleza mkononi. Angeweza kumshikilia pale mpaka naye afe, na nusura afanye hivyo. Aliniambia mwenyewe, wala hakuona haya. Mapenzi yana uchoyo, asikudanganye mtu. "Kwaheri, mume wangu," akasema, akaiokota rimoti, akabonyeza. Farasi akashusha mguu. Wilf akageuza uso, akavuka barabara, akapotelea kulia.

Jumapili Hazel akaja na diski mpya ya tamthilia ile ile, bado imo kwenye nailoni yake. "Picha safi hii, mama. Utahesabu hata vifungo vya koti lake."

Wakakaa pamoja kwenye kochi. Mwigizaji mkuu akatokea. Farasi akapita. Nyuma yao hakupita mtu.

Hazel akarudisha nyuma. Akarudisha tena. "Yuko wapi? Mama, baba yuko wapi?" Akaanza kulia kwa kwikwi, mtu mzima yule. Naye siku Wilf alipokata roho alikuwa njiani, hakumwahi baba yake. "Na mimi nilitaka nimwone. Mara moja tu."

Enid akamkumbatia. Katika siku zote za kumwita Wilf, hakuwahi kukumbuka kumwita na mtoto. Juu ya bega la bintiye, macho yake yakarudi kwenye runinga, yakashuka barabarani. Theluji ya bandia ilikuwa nyeupe toka ukuta hadi ukuta, haina doa. Ila katikati. Pale palikanyagwa mpaka mawe meusi yakatokeza, upana wa miguu ya mtu mmoja, mahali ambapo mtu alisimama siku nyingi sana, akipigapiga miguu kwa baridi.