Vijiko Vinne Kwenye Chai Yangu

Vijiko vinne.

Nilihesabu mwenyewe, nimejibanza nyuma ya pazia la chumba cha kujaribia nguo. Wifi yangu anatia sukari kwenye kikombe changu, anakoroga taratibu kijiko kisije kikalia.

Mimi nina kisukari, wapendwa. Aina ya kwanza, ile ya sindano, tangu nina miaka kumi na tatu. Na wifi anajua. Ukoo mzima unajua.

Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ni fundi cherehani, nguo ndiyo kazi yangu.

Ngoja niwaeleweshe kidogo.

Duka ni la mama mkwe. Mimi nashona, wifi anakata. Mkono wake hauna mfano, anakata hariri bila kuchora chaki, ndiyo maana wateja wanamwita Sentimita. Kupendana hatukuwahi kupendana. Anasema nilimteka kaka yake. Mimi nasema ana domo.

Chai ya saa nne huwa anapika yeye. Yangu anatia vile vidonge vitamu visivyo na sukari. Kwa hiyo ulimi wangu umezoea utamu, haukunishtua.

Mashine ya kupimia ndiyo ilinishtua. Mwezi mzima, kila nikipima mchana naikuta sukari iko kumi na tatu, kumi na nne, wakati haitakiwi kuvuka kumi. Mimi!

Mjue, kwenye grupu letu la kliniki mimi naitwa Malkia wa Sita. Kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu wenzangu wanaleta nane, tisa, mimi naweka sita nukta moja na picha juu. Makopakopa yanamiminika. Sifa zikanipanda kichwani.

Dokta peke yake ndiye hakushangilia.

"Sita nzuri. Sukari inakushuka mara ngapi kwa wiki?"

"Mara nne, tano hivi."

"Na ukishuka unasikia nini? Kutetemeka? Jasho?"

"Sisikii kitu, dokta. Mwili umeshazoea."

Nilisema kwa kujidai kabisa. Akaweka kalamu chini.

"Hilo ndilo linalonitisha. Mwili wako umeacha kupiga kelele. Sikushushii sifa, lakini pandisha lengo kidogo."

Nikaitikia ndiyo, nikatoka, nikapuuza. Nipandishe? Umalkia nimwachie nani?

Basi nilipoanza kuona zile kumi na tatu za mchana, nikafanya nilichokijua. Nikaongeza dozi ya sindano ya asubuhi. Wiki iliyofuata nikaongeza tena. Na tena.

Sasa siku hiyo nyuma ya pazia ndio nikaelewa. Kumbe wifi ananilisha sumu!

Nilichukua kikombe, nikamwangalia usoni, nikaenda kuimwaga chai kwenye sinki. Akaniona.

"Mbona umemwaga?"

"Leo sijisikii chai."

"Wifi, kunywa hiyo chai."

"Kunywa wewe."

Uso ukambadilika. Nikaona hofu, nikajua nimemkamata. Nikapanga jioni nimwage kila kitu mbele ya mume wangu, tuone damu na ndoa kipi kizito.

Nikashika mkasi mkubwa nikaanza kukata bitana...

Hapo ndipo kumbukumbu inaponipotea.

Nakumbuka vipande tu. Meza ilikuwa mbali. Mtu ananiita jina langu na jina silijui. Kisha wifi anakuja kwangu na chupa ya soda, kizibo kishafunguliwa. Nikasema moyoni, anakuja kumaliza kazi.

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu.

Nilipopata akili nilikuwa sakafuni, kifua kimelowa soda, mdomo mtamu. Wifi amepiga magoti kando yangu, kanishika shingo nisianguke kichwa. Pembeni yake bitana nyeupe imekuwa nyekundu.

Haikuwa damu yangu.

Nilimchana kiganja cha kulia. Kile kiganja.

Hospitali walimshona mishipa. Tulikaa chumba kimoja, mimi na yeye na mume wangu katikati, mashine imeonyesha sukari ilinishuka hadi moja nukta tisa, wakati chini ya nne tu ni hatari. Bado nikapata mdomo.

"Mume wangu, dada yako ananitilia sukari kwenye chai. Nimemwona kwa macho yangu."

"Ni kweli," wifi akasema. Hata hakukana.

"Unasikia?"

"Natia tangu mwezi uliopita. Siku ile ulipiga pasi gauni la bibi harusi dakika ishirini, pasi ya baridi, haijachomekwa, huku unatabasamu. Nikakwambia wifi kunywa kitu. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Sikukumbuka.

"Ulisema mgumba hawezi kumlea mtu mzima. Mbele ya wateja watatu."

Jamani... Wifi amepoteza mimba nne.

"Kesho yake tena ukaanza kuongea ovyo, saa nne ile ile. Nikikwambia, unanitukana. Basi nikaacha kusema, nikawa natia kijiko kimoja. Ukatulia. Wiki iliyofuata kimoja hakikutosha. Nikatia viwili, mpaka vikafika vinne."

"Kwa nini hukumwambia kaka yako?" nikauliza.

"Nilimwambia. Akasema niache chuki na mke wake."

Mume wangu akaangalia viatu vyake.

Dokta alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Akaniuliza dozi yangu ya asubuhi siku hizi ni yuniti ngapi. Nikamtajia. Akafumba macho.

"Wewe unaongeza dawa kwa sababu ya chai yake. Yeye anaongeza sukari kwa sababu ya dawa yako. Mmevutana mwezi mzima bila kuambiana. Leo umemwaga chai, dawa imebaki peke yake."

Nikamgeukia wifi. Nikafungua mdomo nimshukuru.

"Usinishukuru," akasema. "Sikupendi. Sikutaka tu ufie dukani kwa mama yangu."

Imepita miezi mitatu. Vidole vitatu vya Sentimita havikunjiki. Mkasi hashiki tena. Siku hizi ninakata mimi, yeye anakaa kwenye stuli ananielekeza kwa sauti ya kuudhi, na nikikosea milimita ananitukana hadi nywele zinasimama. Namwacha. Ana haki.

Lengo nimelipandisha kama nilivyoambiwa. Dokta alisema nikijizuia kushuka kwa muda, mwili unaweza kujifunza upya kupiga kelele. Napima kabla ya kugusa mkasi, na duka zima linajua nikianza kuropoka nipewe nini. Kwenye grupu juzi niliweka saba nukta nne. Kopa lilikuja moja, la mama mmoja mzee.

Wenzangu wa sindano, nisikilizeni. Kushuka bila kusikia siyo ushujaa, ni kengele iliyokatika waya. Mwambie anayekaa na wewe, hata kama hampatani. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi wangu nimemlisha mkono mzima.

Jana saa tano nilikuwa nakata kola, mkono ukaanza kutetemeka. Jasho likanitoka shingoni. Moyo unadunda.

Nikaweka mkasi chini, nikaanza kulia.

"Unalia nini?" wifi akauliza.

"Natetemeka, wifi. Nasikia. Imeshuka na nasikia."

Akasukuma chupa ya soda mezani kwa mkono wa kushoto.

"Kunywa," akasema. "Na usidhani nimekusamehe."