Boga la Kemi Mnadani

Kemi alikuwa na miaka sita na boga moja.

Boga hilo aliliita Kibonge. Alilipanda mwenyewe nyuma ya nyumba, kati ya migomba. Alilimwagilia mwenyewe. Likakua, likakua, mpaka likamshinda kulibeba.

Kemi aliishi na Baba na Mama huko Bukoba, kwenye nyumba ya vyumba viwili. Baba alikuwa fundi baiskeli. Mama alishona nguo. Walikuwa bado vijana, na walipenda sana kucheka.

Juu ya kabati palikuwa na kopo. Hilo lilikuwa kopo la sikukuu. Kila jioni Baba alitia sarafu moja. Mama naye alitia moja. Kisha Kemi alipewa kopo alitikise.

Chaka-chaka, chaka-chaka,
Krismasi inakuja.

"Mwaka huu tutapika pilau ya nyama," alisema Mama.

"Na soda," alisema Baba. "Kila mtu na yake."

"Yangu ya machungwa," alisema Kemi.

Kemi hakuwahi kunywa soda nzima peke yake. Siku zote waligawana, moja watu watatu. Basi alilala akiiwaza soda yake, ikiwa baridi, na mrija wake ndani.

Chaka-chaka, chaka-chaka,
Krismasi inakuja.

Wiki mbili kabla ya Krismasi ilifika siku ya mavuno kanisani. Siku hiyo watu huleta ndizi, mayai, maharage, hata kuku. Ibada ikiisha, vitu vyote hutolewa nje na kunadiwa. Anayetaja bei kubwa ndiye anayechukua, na hela inabaki kanisani.

Mwaka huo hela ilikuwa ya bati. Darasa la watoto lilikuwa linavuja. Mvua ikinyesha, maji yalimdondokea Kemi kichwani. To, to, to.

"Sisi tutatoa nini?" aliuliza Kemi.

Mama alimtazama Baba. Baba alitazama kule nyuma ya nyumba. Kemi akaelewa.

"Kibonge?"

"Ni wako," alisema Mama. "Ukikataa, tutatoa mchicha."

Kemi alifikiri. Mchicha hutolewa na kila mtu. Boga kama Kibonge halikuwa na mwenzake.

"Kibonge aende," alisema. Lakini moyo ulimuuma kidogo.

Mama alimbeba Kibonge kichwani, wote wakaenda kanisani. Wakaimba. Wakasali. Kisha wakatoka nje, mnada ukaanza.

Mnadishaji alikuwa Mwinjilisti Byabato. Alisimama juu ya benchi. Kuku waliuzwa, ko-ko-ko. Ndizi ziliuzwa. Halafu akanyanyuliwa Kibonge.

Watu walikuwa wengi. Kemi hakuona kitu. Baba akampandisha mabegani.

Sasa Kemi alimwona. Kibonge alikuwa peke yake mbele ya watu wote. Kemi akamhurumia. Akainua mkono, akampungia.

"Kwaheri, Kibonge," alinong'ona.

"Elfu moja," alisema Ta Bagenda. Huyu ni mzee jirani, mwenye kofia ya kijani. Huko Bukoba mzee huitwa Ta, na mama mtu mzima huitwa Ma.

"Elfu mbili," alisema Ma Byera mwenye duka.

Jua lilikuwa linampiga Mwinjilisti machoni. Aliona mkono tu.

"Kuna mkono kule nyuma," alisema. "Elfu tatu."

Kemi aliendelea kupunga. Kwaheri, Kibonge.

"Elfu nne," alisema Ta Bagenda.

"Mkono bado upo. Elfu tano."

"Sita," alisema Ma Byera.

"Mkono. Saba."

Baba alishangaa. "Nani huyo anayelipenda boga letu hivi?" alimwuliza Mama. Mama naye hakujua. Alikuwa anatazama mbele, kama Baba.

Kwaheri, Kibonge. Kwaheri.

"Nane," alisema Ma Byera.

"Tisa," alisema Ta Bagenda, na kofia akaivua. Ta Bagenda hapendi kushindwa.

"Mkono. Elfu kumi," alisema Mwinjilisti. "Elfu kumi mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu. Boga limekwenda. Mwenye mkono ajitokeze."

Watu wote wakageuka kutazama. Baba naye akageuka nyuma kumtafuta mwenye mkono. Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukuta.

Mama ndiye aliyetazama juu. "Baba Kemi," alisema polepole, "mkono ni wa mwanao."

Baba akamshusha Kemi. Kemi alikuwa analia.

"Nilikuwa namuaga tu," alisema.

Uwanja mzima ukacheka. Mwinjilisti pia alicheka, mpaka akashuka kwenye benchi.

"Mtoto hana kosa," alisema. "Tuanze upya."

"Tukianza upya, mimi naanzia mia tano," alisema Ta Bagenda. "Ile elfu tisa ilikuwa hasira."

Watu wakacheka tena. Lakini Kemi hakucheka. Mia tano hainunui bati. Hata yeye alilijua hilo.

Baba alichuchumaa mbele yake. "Kemi, elfu kumi tunayo," alisema. "Iko kwenye kopo. Tukiitoa, pilau hakuna. Soda hakuna. Tusipoitoa, boga linauzwa upya, na wewe hutagombezwa. Unasemaje?"

Kemi aliiwaza soda yake ya machungwa. Aliuwaza na mrija. Kisha akalitazama lile darasa la watoto. To, to, to.

"Tuitoe," alisema kwa sauti ndogo.

Baba alimtazama Mama. Mama alikuwa tayari anatabasamu.

"Siku ya harusi yetu tulikula viazi vya kuchemsha," alisema Mama. "Na baba yako alicheza mpaka kiatu kikaachia soli. Krismasi tutaiweza."

Baba akaazima baiskeli, akaenda nyumbani mbio. Alirudi na kopo. Lilipiga kelele njia nzima. Chaka-chaka, chaka-chaka. Akalimimina lote mbele ya Mwinjilisti, na Kibonge akarudi nao nyumbani.

Jioni ile Kemi alilitikisa kopo. Halikusema kitu.

Kimya.

Asubuhi ya Krismasi mvua ilinyesha. Kemi aliketi kwenye darasa la watoto, mahali pake pa siku zote. Akasubiri. Akajigusa kichwani. Kichwa kilikuwa kikavu. Juu yake bati jipya lilikuwa linang'aa.

Kemi alifurahi. Akaimba kwa nguvu kuliko wote, hata yale maneno asiyoyajua.

Nyumbani, Mama alishika kisu. Kemi alifumba macho.

"Kibonge akikatwa, ndiyo ameisha?" aliuliza.

"Subiri utaona," alisema Mama.

Kibonge akakatwa. Akapikwa na karanga. Nyumba yote ikanukia. Pwata, pwata, sufuria ilichemka.

Mara wakasikia, "Hodi."

Alikuwa Ta Bagenda na kofia yake ya kijani. Mkononi alikuwa na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo, Ta," alisema Kemi.

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kulionja boga lililonishinda."

Hajaketi, wakasikia tena, "Hodi."

Alikuwa Ma Byera. "Na mimi lilinishinda," alisema. "Nipeni japo kijiko."

Ma Byera alikuwa na kikapu. Akatoa senene wa kukaanga, wale panzi watamu wa Bukoba. Akatoa soda. Soda moja ya Baba. Soda moja ya Mama. Na moja ya machungwa, baridi, na mrija wake.

Kemi aliishika kwa mikono miwili. Alisahau hata kusema asante. Mama akamkumbusha.

Walisali. Wakala. Ta Bagenda aliongezewa boga mara tatu. Baba alimwinua Mama, wakacheza katikati ya chumba. Kiatu cha Baba kikaachia soli tena, na Kemi alicheka mpaka soda ikampalia.

Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, Kemi alipanda kitandani. Tumbo lilikuwa limejaa. Mama akaja na lile kopo.

"Litikise," alisema Baba.

"Kopo ni tupu, Baba."

"Wewe jaribu tu."

Kemi akalitikisa.

Chaka-chaka, chaka-chaka.

Alifungua haraka. Ndani hamkuwa na sarafu. Mlikuwa na mbegu za boga, nyeupe, nyingi, zimeoshwa na kukaushwa karibu na jiko.

"Kibonge," alisema Kemi.

"Kibonge na wadogo zake wote," alisema Mama. "Mwakani tutavuna."

Mama akamfunika shuka. Baba akazima taa. Gizani wakamsikia Kemi akilitikisa kopo polepole, huku usingizi ukimchukua.

Chaka-chaka, chaka-chaka.
Karibu tena, Kibonge.