Namba Isiyobakiza Mtu

Kila Mgawi ulipofanya kazi, mabomba ya mji mzima wa Kuba, kule Mirihi, yalifunguka kwa pamoja, na kila mtu akapata maji sawasawa na jirani yake. Mtambo huo haukujua upendeleo. Haukujua kubakiza pia, na hapo ndipo Injinia Mkunde alipojipatia sifa. Miaka thelathini na moja iliyopita alichagua idadi ya wakazi iwe 720,720, namba inayogawanyika kwa kila namba kuanzia moja hadi kumi na sita bila baki. Wagawe kwa mitaa kumi na mitatu, kwa zamu saba, kwa meza za watu kumi na mmoja. Hakuna atakayeachwa pembeni. Vibali vya kuzaa vilifuata vifo vilivyotabiriwa, na miaka yote hiyo Mgawi haukuwahi kusimama zaidi ya nusu saa. Mkunde alijivuna, tena bila aibu.

Asubuhi hiyo binti yake, Aneth, alijifungua. Ubao wa wodini ukaandika 720,721, na mabomba yakajifunga.

Mkunde alijua sababu. Ongeza mtu mmoja, kisha ugawe kwa mbili, kwa tisa, kwa kumi na sita: kila mara atabaki mmoja. "Kifo kilichotabiriwa kimechelewa kidogo tu," alimwambia Aneth, lakini miguu yake haikutulia. Dakika ishirini zikapita. Mkunga alihitaji maji. Mkunde akatoka mbio kuelekea chumba cha mitambo, na alipofika Lango la Nje, ambalo ng'ambo yake hakuna hewa ya kuvuta, akamkuta baba yake, Mzee Elinami, amevaa suti ya kanisani, akipeana mikono na wazee wenzake wawili.

"Baba, unafanya nini hapa?"

"Nampisha mgeni, mwanangu. Leo ni zamu yangu." Alisema kwa upole, kama mtu anayeinuka kumwachia mwenzake kiti. "Ulidhani sisi tunakufa kwa kufuata utabiri wako?"

Mkunde alijiweka kati yake na lango.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema afe."

"Wahenga hawakuwa na Mgawi."

Mkunde akamshika mkono, akamkokota hadi chumba cha mitambo, akauzima Mgawi kwa swichi ambayo hakuwahi kuigusa. Kisha akafungua koki kuu kwa mikono yake. Maji yakatoka ovyo, mtaa huu mengi, ule kidogo. Simu za malalamiko zikaanza kulia. Hakupokea hata moja.

"Nitajie majina ya wote waliopisha."

"Ni wengi, mwanangu."

"Nitajie, Baba."

Mzee aliketi, akatazama viatu vyake. Aneth alikuwa mtoto wa kwanza kuzaliwa Kuba. Siku ile Mgawi ulisimama dakika sita tu, na Mkunde, akiwa bado kwenye kitanda cha uzazi, aliwatambia wenzake. Jioni yake ndipo alipoambiwa kuwa moyo wa mama yake ulikuwa umesimama usingizini.

"Wa kwanza," alisema mzee, "ni mama yako."